Neno Nililoandika Kabla Sijaamka

Tulimzika Mama Mkubwa Alhamisi, nyuma ya nyumba yake ya Tengeru, kati ya migomba na banda la ng'ombe, na mvua ikatuvumilia mpaka mchungaji alipomaliza. Nina miaka kumi na tisa, nasubiri matokeo ya kidato cha sita, na pale msibani nilipangiwa vikombe. Ni kazi inayonifaa, maana mtu anayeosha vikombe haulizwi mambo mengi. Lakini jioni, watu walipoanza kupungua chini ya maturubai, Dada Ndeshi, mtoto pekee wa marehemu, alinifuata hadi kwenye karai. Alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka minne. Miaka minne hakusemezana na mama yake, na siku nzima nilikuwa nimewasikia akina mama jikoni wakilinong'ona hilo huku wakimenya ndizi: kwamba mtoto ana roho ngumu, kwamba hapana, mama ndiye alikuwa na roho ngumu zaidi. Hakuna aliyenitaja mimi. Wangenitajaje, wakati hawakujua? Mimi ndiye niliyewaacha wale watu wawili wakae kimya mpaka mmoja akafa, na nataka kuuandika mwaka ule kama ulivyokuwa, kabla sijaanza kuupamba, kwa sababu najijua, nina tabia ya kupamba.

Nilikuwa kidato cha tatu. Kwa nini nilitolewa Themi, mjini, nikaletwa kukaa kwa dada yake mama ni habari ndefu ya wakubwa, naipita. Nikumbukacho ni chumba. Kilikuwa na kitanda kimoja cha futi nne, dirisha moja lililotazama banda, na harufu ya maziwa iliyokuwa imeingia mpaka kwenye mablanketi. Nililala upande wa ukutani, Dada Ndeshi upande wa nje, kwa sababu yeye ndiye aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kukamua. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu, mikono migumu, anacheka kwa pua. Mimi nilikuwa mtu wa kuitikia "abee" na "ndiyo" basi. Shikamoo yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mama Mkubwa alizoea kusema, "Upendo, hiyo shikamoo umenipa au umeimeza?"

Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kwangu kilikuwa kaunta buku yenye jalada jekundu. Nilitaka kuwa mwandishi wa hadithi, ingawa sikuwa nimemwambia mtu, na nilikuwa nimegundua jambo ambalo nililiona kama siri yangu na Mungu: kwamba kabla tu ya kuamka, pale mtu anapokuwa bado hajui kama ni Jumatatu au Jumamosi, kunapita maneno ambayo ukiwa macho huwezi kuyatunga. Ukinawa uso tu, yamekwenda. Basi nilifunga penseli kwa uzi kwenye ubao wa kitanda, daftari nikaliweka chini ya mto, na nikajizoeza kuandika bila kufumbua macho. Mwandiko ulipanda na kushuka, mstari juu ya mstari. "Mvua imevaa viatu vya baba." "Yule ng'ombe anajua nani atafeli hesabu." Ndoo ya Dada Ndeshi ikigonga mlango wakati anatoka, mimi huku nilikuwa nasikia kengele ya kanisa, naandika harusi. Na nilikuwa na sheria moja: sisomi nilichoandika mpaka Jumapili mchana, baada ya ibada. Niliona maneno yanahitaji kulowekwa kama maharage. Ukiyasoma siku ileile bado ni magumu, unayafuta.

Dada Ndeshi alilifuma lile daftari wiki ya pili tu. Nilidhani nitakufa. Alisoma ukurasa mzima akiwa amesimama, nyasi zimemshika kwenye sweta kama kawaida yake, halafu akaniuliza, "Mdogo wangu, hii ni hadithi au ni homa?" Akasoma tena ule wa viatu vya baba, mara hii polepole, akalirudisha daftari chini ya mto na kulifunika vizuri. "Endelea na homa yako," akasema. "Nzuri." Mpaka leo, kati ya sifa zote nilizowahi kupewa, hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa sauti.

Ugomvi wao ulianzia mezani. Jioni hiyo kulikuwa na loshoro, mahindi ndani ya maziwa mgando, na jirani yetu Mama Elisha alikuwa amekuja kuazima nyungo na, kama desturi yake, akawa hajaondoka. Dada Ndeshi akasema, bila kuinua macho kwenye bakuli, kwamba amepata kazi upande wa Moshi, kwenye kundi la wagumu, wale wanaowabebea wageni mizigo kupanda mlima. Ataanza kama msaidizi wa mpishi. Mama Mkubwa alicheka kwanza.

"Mlima huu hapa nyuma umeuona tangu unazaliwa, hujauchoka? Sasa unakwenda kubebea wazungu mikoba kwenye mlima wa watu?"

"Mikoba wanabeba wenyewe, Mama. Mimi nabeba majiko."

"Ee, majiko!" Mama Elisha akadakia. "Bora hata ingekuwa mikoba."

"Na unalala wapi?" Mama Mkubwa akauliza, na sasa hakuwa anacheka.

"Kwenye hema."

"Na nani?"

Dada Ndeshi akasema kitu ambacho hakupaswa kusema. Alisema, "Wewe ulilala ndani ya nyumba ya matofali na bado ulinizaa bila ndoa." Mama Elisha aliinuka na nyungo zake akaaga mara mbili. Mama Mkubwa hakupiga kelele. Alikusanya mabakuli, langu likiwa na loshoro nusu, akayaweka moja juu ya jingine, akasema, "Ukitoka kwenda huko, usinipigie simu. Simu nitaijua ni ya kuomba nauli." Siku tatu zilizofuata walipishana mlangoni kama watu wa ghorofa mbili tofauti. Mimi nilikuwa katikati na sikusema neno, kwa sababu sikuzote sikusema neno.

Siku ya nne Dada Ndeshi aliondoka. Nilipoamka saa kumi na mbili upande wake wa kitanda ulikuwa umetandikwa, begi halipo, na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa, maziwa yamefunikwa kwa sufuria. Kwenye blanketi, karibu na mkono wangu, kulikuwa na jani refu la kijani, limefungwa fundo. Nataka nieleze hapa nilichofikiri, maana ndipo kosa lilipo. Nilifikiri ni kamba. Dada Ndeshi alikuwa akifunga mizigo ya mabingobingo, majani ya ng'ombe, kwa chochote alichokikuta, na kila siku alikuwa akiingia chumbani na majani mwilini. Nilikuwa mtoto wa mjini. Kule Themi jani ni jani. Nililichukua pamoja na vipande vingine vya nyasi nilivyovikung'uta kwenye shuka, nikapita bandani kuelekea chooni, nikatupa vyote kwenye hori. Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na khanga kichwani, anaangalia njia. "Amekuambia kitu?" akaniuliza. Nikasema, "Hapana, Mama Mkubwa. Nilikuwa nimelala." Niliamini ninasema kweli.

Jumapili, baada ya ibada, nilifungua daftari. Kati ya upuuzi wa wiki nzima kulikuwa na maneno yaliyosimama peke yake, mwandiko umelala kama mtu aliyechoka: "Mpelekee Mama jani hili. Usiseme kitu, ataelewa." Nywele zilinisimama kwa furaha. Nilidhani nimeyaota. Niliyaona ni mazuri kupita yote niliyowahi kuyapata, na kweli yalikuwa mazuri, kwa sababu yalikuwa ya mtu aliyekuwa na jambo la kusema. Nikakaa wiki mbili nikiyajengea hadithi, ya msichana anayetumwa na dada yake ampelekee mama jani, na hajui maana yake, na mama anapoliona analia. Nilipofika kwenye kulia kwa mama na mimi nililia, mezani, huku Mama Mkubwa mwenyewe yuko hatua nne kutoka kwangu anachambua mchicha, peke yake, redio imezimwa. Hakuwa akizima redio zamani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili tulimwita Madam, mama wa Kichaga mwenye miwani ya kamba. Alikuwa ametupa kazi ya kuandika hadithi, nami nikampa ile. Siku ya kurudisha madaftari alinisimamisha mbele ya darasa niisome. Nilisoma nikiangalia karatasi tu, sauti ndogo, na nyuma mtu akapaza, "Ongeza volyumu!" wakacheka. Lakini walinyamaza kabla sijafika katikati. Nilipomaliza, Madam alivua miwani.

"Upendo, nani alikufundisha habari za sale?"

Nikamwambia sijui sale ni nini.

"Lile jani. Lile linalopandwa mpakani na makaburini. Mtu akimkosea mzazi, analifunga fundo, anamtuma mtu alipeleke. Na mtu akipelekewa sale hakatai, hata kama amekosewa vipi. Kwetu hivyo, na hata huku Meru hivyo hivyo." Akaligeukia darasa. "Mnaona? Ameandika bila kusema ni nini. Huo ndio uandishi."

Walinipigia makofi. Nakumbuka dawati, mtu alikuwa amechora moyo kwa kompasi, nami nikashika ule mchoro kwa kidole gumba kama vile nitaanguka nikiuachia. Ndipo yote yaliponirudia. Haikuwa ndoto. Dada Ndeshi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda alfajiri ile, amenigusa bega, ameniwekea jani mkononi na kuniambia, na mimi, nusu macho nusu usingizini, badala ya kuamka nilinyoosha mkono nikachukua penseli. Labda aliniona nikiandika. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Labda aliniona nikiandika akaondoka na amani, akijua ujumbe umepokelewa.

Hapo ndipo nilipopaswa kwenda nyumbani nikaseme. Sentensi moja ilitosha. Nilifika nyumbani, nikamkuta Mama Mkubwa na Mama Elisha wamekaa kwenye kibaraza wanapukuchua mahindi, na kabla sijafungua mdomo nikasikia, nikiwa bado nyuma ya kona, Mama Elisha akisema, "Si umpigie tu? Kiburi cha nini na mtoto wa tumbo lako?"

"Nimpigie nimwambie nini? Maneno alisema yeye."

"Watoto wa siku hizi ndiyo midomo yao."

"Mimi sidai mdomo wake. Hata angeniachia sale tu pale mlangoni akaenda zake, ningenyamaza." Mahindi yakadondoka kwenye beseni. "Amekwenda hata jani hakuniachia."

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, nikaingia bandani, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ng'ombe aliniangalia akitafuna. Nilijiambia nitasema kesho. Unajua jinsi kesho ya mtu mwoga inavyokuwa. Kila asubuhi ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa ningepaswa kueleza na ukimya wa jana. Tena, na hili ndilo linaloniaibisha kuliko yote, Madam alikuwa ameipeleka hadithi yangu kwenye ubao wa matangazo, wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wanakuja kuisoma wakati wa mapumziko, na mimi nilikuwa napita mbele ya ubao ule mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Kama ningesema ukweli nyumbani, basi ile sentensi isingekuwa yangu. Nilikuwa nimeipata bila kuitunga na sikutaka kuirudisha.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Dada Ndeshi aliwahi kupiga simu kwa Mama Elisha, nilisikia baadaye, akauliza kitu kimoja tu, kama mama yake amesema chochote. Mama Elisha akamjibu, kwa nia njema kabisa, "Hajasema kitu, mwanangu." Kwa Dada Ndeshi hilo lilikuwa na maana moja. Alikuwa ametuma jani na jani limekataliwa, na mtu aliyekataliwa sale na mzazi wake anarudi nyumbani kutafuta nini?

Halafu nikafanya ujinga ambao mpaka leo naona ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Jumamosi moja, siku ya soko, Mama Mkubwa akiwa hajarudi, nilikwenda mpakani mwa shamba, nikakata jani la sale, nikalifunga fundo. Sikujua fundo lake linafungwaje, nikalifunga kama kamba ya kiatu. Nikampelekea akiwa anavua raba zake zenye tope. Nikapiga goti, nikanyoosha mikono miwili. Alilitazama kwa muda.

"Hili ni la nini?"

"Dada Ndeshi. Amenituma nikupe."

"Amekutuma lini?"

"Siku ile aliyoondoka."

Akalichukua, akaligeuza, akapitisha kidole pale lilipokatwa. Pakatoka unyevu. "Jani la miezi mitatu," akasema, "na bado linalia maji." Nilimtazama miguuni. Wakati ule ule mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kumwambia la kweli lililiwa na ng'ombe, hili ni badala yake, lakini maneno ni yaleyale, aliyasema, ninayo kwa mwandiko wangu. Badala yake nilisikia mkono wake juu ya kichwa changu. "Wewe mtoto una huruma sana," akasema. "Mungu akubariki. Lakini sale mtu haombewi na mtu. Anatuma mwenyewe." Akaniinua, akaniambia nikawashe moto. Na mimi nikaitikia, "Ndiyo, Mama Mkubwa." Nilisifiwa. Ujumbe wa kweli ulifika mkononi kwake na nilikuwa nimeuvisha uongo, akautambua uongo, akautupa pamoja na kweli iliyokuwa ndani. Baada ya siku hiyo hata kama ningesema yote, angeniamini vipi?

Mwaka uliisha. Nikaenda kidato cha nne, halafu shule ya bweni, nikawa nakuja likizo. Mama Mkubwa alizeeka haraka, presha ikawa inampanda, akauza yule ng'ombe. Niliendelea kuandika usingizini. Hilo nalo nalikiri: sikuacha.

Basi pale kwenye karai, Alhamisi, Dada Ndeshi alichukua taulo la kukaushia akasimama pembeni yangu. Amekonda, uso umeungua na jua la juu kule, midomo imepasuka. Tulifanya kazi vikombe kumi hivi.

"Upendo," akasema. "Siku ile. Mama alilishika, au alikataa hata kulishika?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye penseli na uzi, nikaendelea mpaka kwenye fundo la kiatu, na sikuinua macho kwenye maji hata mara moja. Sikuomba msamaha katikati, kwa sababu nilijua nikianza nitalia na kulia kutageuka kuwa ndiyo habari yenyewe. Nilipomaliza alikuwa bado anakausha kikombe kilekile. Nilingoja anipige. Nadhani ningeshukuru.

"Miaka minne," akasema. "Nikipanda kule, kila nikifika mahali pa kupumzika, najiambia, mama yako alikataa sale." Akaweka kikombe. Akachukua kingine, akakirudisha. "Kwa hiyo alikuwa analingoja."

"Ndiyo, Dada."

"Alikuwa anasema nini? Muda wote huo. Juu yangu. Wewe si ulikuwepo."

Hapo ndipo nilipoona umaskini wangu. Nina kaunta buku nne zimejaa. Nina mvua na viatu, nina ng'ombe na hesabu, nina kurasa za vitu ambavyo havikumtokea mtu yeyote, na Mama Mkubwa, aliyekuwa macho kila siku hatua nne kutoka mezani kwangu, sikuandika hata neno lake moja. Nikaanza kutafuta kichwani. Nikampa moja: siku ya mvua ya mawe alisema soksi nzito za Ndeshi zimebaki kabatini, huko juu atakuwa amevaa nini. Nikampa la pili, ndama alipokufa, kwamba angekuwepo Ndeshi asingekufa. Dada Ndeshi alikuwa ananitazama mdomoni, kama vile maneno yakitoka atayadaka.

"Na lingine?"

"Kuna asubuhi alikuwa anawasha moto jikoni. Alikuwa peke yake. Akasema, 'Akija sitamuuliza kitu. Nitampakulia tu.'"

Mtu kwenye turubai akaita vikombe, akajibiwa subiri.

"Hilo alisema," akauliza, "au umetunga?"

Nilitaka kuapa. Nilifungua mdomo kuapa. Lakini nilijaribu kukumbuka nilikuwa nimesimama wapi asubuhi hiyo, nimevaa nini, moshi ulikuwa upande gani, na sikupata kitu ila joto la blanketi na sauti.

"Sijui, Dada," nikasema. "Nilikuwa bado sijaamka."

Akaegemea ukuta. Akajifuta uso kwa lile taulo la vikombe, pande zote mbili.

"Basi hilo niachie," akasema. "Hilohilo."